Taa ya Kijani ya Mbale

Jumatatu, 10 Machi. Jinja

Mvua imeanza mapema mwaka huu na mimi nimeanza vibaya. Nimeamka nimenuna bila sababu, nimevunja kikombe, kisha nimekigombeza kikombe. Nisipopata pa kuyamwagia haya nitagombana na watu, kwa hiyo nayamwagia hapa.

Kazi tumeipata. Daktari Namukose, mwenye kliniki pale Kimaka, amefungua tawi Mbale, na hataki tawi lile likose mtandao hata kidogo. Ana haki. Mbale wana mashine ya kupiga picha za moyo na tumbo, ila anayezisoma ni yeye mwenyewe, naye yuko huku Jinja. Picha isipofika, mgonjwa amelala kitandani Mbale na daktari wake ni kama kipofu. Bosi wangu Otim amemwahidi laini mbili. Ya kwanza ni faiba, waya uliofukiwa ardhini. Ya pili ni dishi la juu ya paa linalozungumza na mnara ulioko mlimani Wanale. Katikati yake inakaa ruta, kisanduku kidogo kinachoichunga laini ya kwanza na kuhamia ya pili chenyewe ile ya kwanza ikikatika, bila mtu kuinua kidole. Kisanduku hicho nimepewa mimi.

Nimefurahi kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia Otim. Baba yuko Mbale.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Baba kumwambia nakuja. Habari, Baba? Mzuri. Mguu je? Mzuri. Chakula? Mzuri tu, mama.

Sote tunajibu nzuri kwanza, hata msibani. Jirani amefiwa, unamuuliza habari, anakwambia nzuri, halafu ndipo mnakaa na habari yenyewe inatoka. Kwa Baba haitoki. Mzee Wasike ameendesha malori kutoka Mombasa hadi Juba tangu sijazaliwa, na lori likiharibika porini hakupiga simu nyumbani mpaka awe amelitengeneza. Mama akimuuliza amekwama wapi, anajibu, "Sijakwama, nimepumzisha gari." Mama alipofariki nilidhani atarudi kwao Bungoma, Kenya. Akanunua kinyumba Namakwekwe, mtaa wa Mbale, akasema Mgisu wa Uganda na Mbukusu wa Kenya ni watoto wa nyumba moja, mpaka wa nchi wameuchora wengine.

Ijumaa, 14 Machi. Mbale

Siku ndefu. Shafik, fundi wetu wa hapa, amefunga Ramadhani na bado amepanda paa kwa kasi kuliko mimi niliyekunywa chai na maandazi mawili. Nilimwambia ashuke apumzike.

"Beldina wee, acha mimi nimalize," akaniambia kutoka juu. "Nikishuka, njaa itanikumbuka."

Dishi likakaa vizuri, faiba ikaingia, kisanduku kikawaka. Nikatoka kununua misumari. Niliporudi kisanduku kilikuwa kimezima, na kwenye soketi yake imechomekwa simu ya Sista Nabifo, muuguzi mkuu wa tawi.

"Sista, nani amezima hii?"

"Nyabo, bibie, simu yangu ilikuwa nakufa. Nilichomoa kidogo tu."

Kidogo tu! Nilimfokea mbele ya wagonjwa, nikachukua kalamu nene nikaandika kwenye karatasi USIGUSE, nikaibandika juu ya kisanduku kwa gundi ya kutosha kubandika mlango. Yeye ni mkubwa kwangu kwa umri. Alikunja waya wa simu yake akarudi kwa wagonjwa.

Kisha jaribio. Daktari Namukose akatokea kwenye skrini kutoka Jinja, nikachomoa waya wa faiba, ule wa manjano, mbele ya watu wote. Sauti yake ikakwama, kisha ikarudi. Kisanduku kilikuwa kimehama chenyewe. Shafik akapiga makofi. Hata Sista Nabifo alitabasamu, ingawa alisimama mbali na kisanduku kama mtu anayeogopa mbwa.

Jioni kwa Baba. Viatu amevivaa bila kufunga kamba, anasema ni joto. Kiti chake cha mbao amekiegemeza ukutani na kukitandika blanketi.

"Nalala hapa siku hizi," akasema. "Mgongo umezoea kabini. Kitandani napotea."

Nilicheka sana. Dereva ni dereva.

Jumatano, 19 Machi. Jinja

Baba: mzuri. Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Kisanduku kinanitia wazimu. Nilikielekeza kiulize mbali: kila baada ya muda mfupi kitume swali mpaka upande wa pili wa dunia kupitia faiba, kikikosa jibu kihame. Mvua ikinyesha majibu yanachelewa kidogo, nacho kinahama. Mvua ikikatika, kinarudi. Kinahama tena. Kila kikihama, simu ya video inakatika. Daktari amelalamika kwa Otim, Otim amelalamika kwangu.

"Mashine yako ina woga," akaniambia. "Inakimbia kivuli. Itulize."

Siwezi kukaa. Nimekwenda dirishani mara ngapi sijui.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepata dawa. Sasa hakiulizi mbali. Kinauliza mtambo wa kwanza kabisa wa wenye faiba, ulio mtaa wa pili tu kutoka kliniki pale Mbale: upo? Ukijibu nipo, taa inabaki kijani. Jibu haliwezi kuchelewa kwa umbali wa mtaa mmoja. Kimetulia kama mtoto aliyeshiba. Otim amenipigia saluti, "Afande Beldina!"

Baba: mzuri.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Shafik ametuma picha ya pilau ili kunitesa. Kijani siku nzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Kijani. Nimeanza kuipenda ile taa. Nikifungua skrini asubuhi ofisini, kabla ya chai, naitazama ya Mbale kwanza; kisanduku huniletea habari zake kupitia dishi.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari anataka laini mbili Budondo pia, kituo kidogo cha kupima wajawazito. Kampuni yetu inapanda. Otim anaimba korido nzima. Mimi sina raha na sijui ni kwa nini. Labda ni hii mvua isiyoisha, nguo hazikauki na watu wamekuwa wakali.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nilimwahidi Baba kwamba Pasaka niko kwake. Sikwenda. Nguzo ya Budondo imelala kwa upepo na Otim alitaka isimamishwe kabla ya Jumanne. Nilimpigia Baba kumwomba radhi.

"Usijisumbue, mama. Mimi mzuri. Jirani ameniletea kuku."

Alikohoa katikati ya neno kuku. Nikauliza kikohozi cha nini. Akasema pilipili.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa Mbale tangu alfajiri, umeme wa mjini unakwenda na kurudi. Laini zote kijani. Nimempigia Baba, yuko sokoni, nasikia watu nyuma yake. Mzuri.

Ijumaa, 25 Aprili. Mbale, hospitali kubwa

Nimeisoma mistari ya jana na nimetamani kuichana. Siichani. Ibaki hapo initazame.

Baba hakuwa sokoni. Alikuwa kwenye kitanda cha kliniki, katika chumba kile kile nilimofunga kisanduku. Pumzi ilikuwa imembana tangu usiku. Asubuhi akavaa shati safi, akapanda bodaboda ndani ya mvua, akamwambia Sista Nabifo amekuja "kupima presha tu". Nilipompigia alikuwa amefungwa mkanda wa presha mkononi, na akaniambia yuko sokoni.

Sista alimpiga picha ya moyo akaituma Jinja. Akampigia daktari: umeipata? Hapana. Akatuma tena. Akajaribu kuituma kwa simu yake, lakini simu za mji mzima zilikuwa zinazunguka tu kwa ile mvua. Kupiga ulipata kwa bahati, kutuma picha ndiyo haikuwezekana kabisa. Akatazama kisanduku. Taa ya kijani. Akasema basi, shida si yetu, shida iko Jinja.

Daktari naye akampigia Otim: kompyuta yangu imeharibika, picha za Mbale hazifiki. Otim akanituma Kimaka. Nilifungua skrini kabla sijatoka, nikaona Mbale kijani, nikaenda nikijua kosa liko kwa daktari. Nikaizima kompyuta yake, nikaiwasha. Nikabadilisha waya. Nikalala chini ya meza nikipapasa soketi. Daktari alikuwa anatembea huku na huku.

"Beldina, kuna mzee pale pumzi inamkata. Sista anauliza ampe dawa ya kutoa maji au asimpe. Kama moyo umechoka, dawa itamsaidia. Kama umezingirwa na maji kwa nje, dawa hiyo hiyo inaweza kumuua. Siwezi kubahatisha, lazima nione."

Na mimi, chini ya meza, nikamjibu, "Mbale iko sawa, Daktari. Nimeiangalia mwenyewe."

Nilisema hivyo. Nilisema mara mbili.

Simu ya daktari ikaita, akaiweka mezani wazi wote tusikie. Sista Nabifo. "Daktari, huyu mzee midomo nabadilika rangi. Nafanya nini? Namwandika nani kwa karatasi ya hospitali kubwa? Yeye nasema anaitwa Wasike, lakini hataki mimi napigia watu yake."

Niligonga kichwa kwenye meza nikitoka. Nikaichukua simu ya daktari bila kuomba.

"Sista, mpe simu huyo mzee."

Nikasikia pumzi kabla ya sauti. Pumzi fupi, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo.

"Baba? Habari yako?"

Akakusanya hewa. "Mz... mzuri, mama."

Sikufikiri kwa akili ya kifundi. Nililichukia tu lile neno, nikalichukia mwili mzima, na katika kulichukia nikaiona ile taa ya kijani kichwani mwangu. Kisanduku changu kinamuuliza jirani wa mtaa wa pili: upo? Jirani anajibu: nipo. Ni kweli yupo. Hakuna aliyemuuliza kama njia ya mbele yake ipo. Nami ndiye niliyekifundisha kisiulize.

"Sista!" nilipiga kelele. "Kwenye kisanduku kuna waya wa manjano. Uchomoe."

Sikusikia viatu vikisogea.

"Sista Nabifo!"

"Nyabo, wewe uliandika hapana gusa."

"Mimi ndiye niliyeandika. Uchomoe!"

"Lakini taa iko kijani."

"Taa inadanganya! Chomoa, Sista, nakuomba, huyo ni baba yangu."

Daktari aliacha kutembea. Nikasikia viatu vya Sista, nikasikia karatasi ikichanika, maana gundi yangu ilikuwa imeshika mpaka kwenye waya. Halafu hakuna kitu. Halafu kwenye skrini ya daktari picha ikaanza kushuka kutoka juu, na nyuma yake nyingine, na nyingine, zote Sista alizozituma asubuhi nzima, zilizokuwa zimepanga foleni mlangoni zikisubiri njia. Laini ya pili ilikuwa nzima muda wote. Ilikaa ikileta habari za taa tu, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba picha zinaihitaji.

Daktari aliinama. Hata mimi nisiyejua kitu niliona moyo wa baba yangu ukipiga ndani ya maji kama kifaranga kilichotumbukia ndooni.

"Sista, usimpe ile dawa," akasema. "Umenisikia? Usimpe. Mweke akae, usimlaze, mwekee hewa. Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi wamtoe hayo maji. Nawapigia mimi."

Shafik ndiye aliyempeleka, kwa gari la kakake, maji ya barabarani yakifika mlangoni. Mimi nilifika jioni. Barabara ya Tirinyi nzima, hadi Mbale, nilikuwa nasukuma sakafu ya basi kwa miguu. Walikuwa wamekwisha kuyatoa maji. Baba ameketi, ana bomba puani, amenitazama kwa hasira.

"Umekuja kufanya nini? Kazi umemwachia nani?"

Nikalia mbele yake kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka ukutani kwa heshima.

Jumapili, 27 Aprili. Mbale

Shafik ameuliza kwa wenye faiba. Mafuriko yalikula ukingo wa barabara nje ya mji, waya ukakatika huko asubuhi na mapema. Mtambo wa mtaa wa pili haukuwa na habari.

Nimekwenda kumwomba Sista Nabifo radhi. Nilijiandaa na maneno mengi. Alinipa kiti na kikombe cha chai.

"Nilisimama pale mbele ya ile kitu muda mrefu," akasema. "Roho nasema chomoa. Mkono nakataa. Nikasema, huyu msichana amesoma, na hasira yake ni mingi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza anifundishe ni kitu gani alichokiona kwa Baba kabla ya mashine.

"Miguu imevimba," akasema. "Na alikataa kulala. Mtu nalala kitini, moyo wake nasema kitu. Wewe hukuona?"

Niliona. Nilicheka.

Jumanne, 29 Aprili

Kazi ya kweli. Sasa kisanduku kinauliza sehemu tatu za mbali, na hakihami kwa kuchelewa kwa moja. Mpaka mbili zinyamaze, tena zinyamaze mfululizo. Hivyo hakina woga wala hakina uzembe. Safari hii sikuchomoa waya wa hapa. Shafik aliwabembeleza wenye faiba wakaizima njia ya mbele kwa muda, mtambo wa jirani ukabaki unajibu nipo, nipo. Kisanduku hakikumsikiliza. Kilihama.

Nimebandua mabaki ya karatasi yangu. Nimeandika nyingine: PICHA HAZIENDI? CHOMOA WAYA WA MANJANO, KISHA MPIGIE BELDINA. Sista atauchomoa kila Jumatatu asubuhi kwa mazoezi. Leo aliuchomoa kwa kiburi, kidole kimoja juu kama mtu anayekunywa chai kwa Wazungu.

Budondo nimeirekebisha kwa simu kabla haijafunguliwa. Otim alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia. Hakuimba.

Alhamisi, 1 Mei. Mbale

Baba ametoka hospitalini. Tumegombana.

"Dereva akisema amekwama, nyumbani hawalali," akasema.

"Na asiposema?"

"Wanalala."

"Mama hakuwa analala, Baba. Alikuwa anakaa jikoni na taa. Hukuwahi kujua kwa sababu na yeye ukimuuliza alikuwa anasema mzuri."

Aliyatazama magoti yake. Nilijuta, kisha sikujuta.

Jumanne, 6 Mei. Jinja

Simuulizi tena habari. Namuuliza amelala kitandani au kitini. Namuuliza kamba za viatu zimefika tundu la ngapi.

"Unanihoji kama trafiki wa mpakani Malaba," amelalamika. Lakini amejibu: kitandani, mito miwili, kamba zimefungwa zote.

Jumatano, 14 Mei

Kitandani. Faiba ilikatika mchana, kisanduku kikahama, hakuna aliyejua ila mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Kitandani. Anasema mito mitatu. Nimemwambia Sista. Ameahidi kupita.

Jumatano, 28 Mei

Nilikuwa Kimaka, juu ya ngazi, waya mdomoni. Simu ikaita. Baba. Yeye hapigi simu. Husubiri kupigiwa, kupiga ni kusumbua watu. Nilitema waya.

"Habari, Baba?" Limenitoka kwa mazoea.

Nilisikia mvua ya Mbale juu ya bati lake.

"Beldina. Leo si mzuri."

Nikakaa juu ya ngazi pale pale.

"Nimelala kitini," akaendelea, polepole, kama mtu anayekiri kwa polisi. "Viatu vimekataa. Sista nimempigia, anakuja. Na wewe nimekupigia. Sasa mmejua. Mimi nimekwama, mama."

Daktari Namukose amesema tumeligundua mapema, mapema kabisa, na atasubiri picha mezani. Nimechukua begi. Sijawahi kushukuru kwa habari mbaya maishani mwangu, na leo nimeshukuru mpaka dereva wa boda ameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Naandika ndani ya basi. Halijajaa, kondakta anaita abiria wa Mbale kwenye mvua, mama wa kiti cha pili ana kuku wawili na hasira ya kusubiri. Mimi nimetulia.